Jumuiya yetu ilivyoanza kusali pamoja na watoto, vijana na akina baba

Kwa Wakatoliki wengi wa Dar es Salaam, Jumamosi saa 12 asubuhi ni saa ya jumuiya, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja. Saa hiyo inamfaa mama anayewahi sokoni, lakini watoto bado wamelala, vijana wanajiandaa kwenda masomo ya ziada, na baba aliyerudi kazini usiku hajaamka. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo: akina mama walewale, rozari, somo, matangazo ya michango, kila mtu akashika njia yake. Mimi ni mwalimu wa dini. Kilichokuwa kikiniuma ni kuona vijana niliowafundisha wakipotea mara tu askofu akishawapaka krisma, kana kwamba Kipaimara ni mahafali.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi, walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Na pale watu wanapoishi kuna watoto. Hilo ndilo nililomweleza mwenyekiti wetu.

"Mwalimu, hao watoto watatuacha tusali kweli?" aliniuliza.

"Mama, nakuomba Dominika moja tu ya mwezi, saa 10 jioni, kwenye nyumba yenye uwanja."

Akakubali, na paroko akaturuhusu.

Nilishikilia jambo moja: tusigawane kwa rika. Utoto Mtakatifu, chama cha watoto, wana siku yao, VIWAWA ya vijana wana yao, WAWATA ya akina mama na UWAKA ya akina baba vilevile, na vyama hivyo vinafanya kazi kubwa. Lakini mtoto anaweza kukua mpaka akaoa bila kumsikia baba yake akisema lolote kuhusu Injili. Kwa hiyo tunachukua Injili ya Dominika hiyo, moja kwa wote, na kila rika linapewa kazi ya kweli ndani yake. Watoto wanaigiza. Vijana wanaongoza nyimbo na kuandika maombi ya waamini. Wakubwa wanajibu maswali ya watoto.

Chukua Dominika ya tatu ya Kwaresima, Mwaka A wa mzunguko wa masomo ya Misa, Yesu na mwanamke Msamaria kisimani. Kisima chetu kilikuwa beseni juu ya matofali, na mtungi ulikuwa dumu la njano la lita 20. Binti wa darasa la nne aliliweka dumu chini, akatoka mbio kuelekea getini kuwaita watu wa mji. Tukaisoma Injili tena, tukakaa kimya, kisha kila mmoja akataja neno lililomgusa, kama zinavyoelekeza zile hatua saba za kushirikishana Injili. Hatua hiyo watoto wanaipenda mno kwa sababu haimdai mtu kujieleza. Unasema tu "maji ya uzima", nawe umeshasali na wakubwa.

Ndipo mtoto mmoja akauliza, "Sasa mbona ameliacha dumu, na maji yenyewe ya shida?"

Akina mama wakatazamana. Aliyejibu ni baba mmoja, dereva wa bodaboda, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa nikimwona misibani tu. "Ukiacha dumu kwenye foleni ya maji, maana yake unarudi. Huyu mama alikwenda kuwaita wenzake." Tukaangalia aya ya 30: kweli, watu walitoka mjini wakamwendea Yesu. Nimeshasikia mahubiri mengi juu ya Injili hiyo, na mpaka leo nafundishia dumu la yule baba.

Tangu hapo nikajua namna ya kuwapata akina baba. Tangazo la jumla haliwaleti. Jumatano namtumia baba mmoja Injili kwa wasapu, pamoja na maswali mawili niliyoyapata kwa watoto kwenye mafundisho, na kumwomba kwa jina lake aje kuyajibu. Aliyeombwa hivyo huja, tena na Biblia aliyoitia alama.

Vijana wanahitaji kuaminiwa. Kila inapokaribia tarehe 3 Juni wao ndio wanaotusimulia habari za Mashahidi wa Uganda: kwamba Kizito alikuwa na miaka kama 14, na aliyembatiza mwaka 1886, kifo kikiwa kimekaribia, ni Karoli Lwanga, naye kijana. Hakuna haja ya mimi kuongeza neno. Maombi wanayoandika sikuyagusa tangu mwanzo, ila tahajia. Mmoja wa kidato cha pili alisoma, "Tuwaombee wazazi wanaogombana usiku wakidhani tumelala." Tukaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Tulishakubaliana kwamba hakuna anayeuliza ni nyumba gani, na hakuna aliyeuliza. Wiki zilizofuata wazazi wawili watatu walikuja kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, wakitaka kujua siku ya kuonana na paroko.

Kigumu kilichobaki ni vijana wa miaka ya ishirini, wale wa madukani na kwenye saluni, ambao Dominika ndiyo siku yao ya wateja wengi. Mwenyekiti mwenyewe amependekeza mwezi ujao tuanze saa 1 usiku watu wakishafunga kazi. Ameshamwomba mama mwenye nyumba apike uji wa watoto mapema, wasije wakasinzia kabla ya Injili.