Kumbukumbu ya mradi: matundu yaliyokuwa yakikimbilia kushoto yametulia

Hatimaye kundi la matundu ya risasi zangu kwenye shabaha limekusanyika. Karatasi ya leo iko hapa mezani: matundu yanagusana, mengine yamemegana kingo, na yote yamekaa katikati. Mita 50, kulala kifudifudi, bunduki ndogo ya .22 ya bolti (komeo linalofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila risasi), bila darubini. Duara la kumi kwenye shabaha hii lina kipenyo cha milimita 10.4 na risasi ni milimita 5.6, kwa hiyo bahati haina nafasi kubwa hapa. Nimefurahi mno.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Risasi ya kwanza ya kila seti inaingia katikati, safi. Ya pili inasogea kushoto kidogo, ya tatu zaidi, na seti inapoisha nina mstari wa matundu uliolala kama shanga kwenye uzi. Kwa wima hakuna shida: pumzi naitoa, naizuia kidogo, triga (kifyatulio) inaachia. Ukifyatua huku unavuta pumzi kifua kinanyanyua kitako na mdomo wa bunduki unashuka, na hilo lingeonekana juu na chini. Langu lilikuwa kushoto tu, siku zote kushoto.

Nilianza na upepo kwa sababu ndio wa kwanza kulaumiwa. Lakini hata kibendera kikining'inia bila kutikisika, mstari ulikuwa palepale. Nikabadilisha risasi, nikachukua aina yenye kasi inayolingana zaidi. Kundi likapungua urefu wa wima, na kwa hilo sitarudi kwenye zile za bei rahisi, ila mstari wa kushoto ukabaki. Kuzungusha skrubu za kilengeo nako hakukusaidia: ukikisogeza kulia, risasi ya kwanza inaenda kulia na ya mwisho ndiyo inayokuja katikati. Kilengeo hakiwezi kutibu kitu kinachohama.

Ikabaki triga. Nilimwomba mwenzangu anipakilie magazini (kisanduku cha risasi cha bunduki) yeye, achanganye risasi bandia na za kweli bila kuniambia mpangilio. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakidanganyiki: risasi bandia ikikutana na mtu anayeogopa mlio, mdomo wa bunduki unachovya chini na kila mtu anauona. Wangu haukuchovya. Pete ya mbele, yaani kilengeo cha mdomoni mwa bunduki, ilitulia palepale baada ya ile “tik”. Kwa hiyo kidole hakina kosa, na woga haumo. (Ukifanya zoezi hili, kumbuka kwamba “tik” ya risasi uliyodhani ni ya kweli inaweza kuwa risasi inayochelewa kuwaka. Mdomo unabaki kwenye shabaha, hesabu angalau sekunde 30, ndipo ufungue bolti. Usiseme “aah, hii ni bandia” ukafungua papo hapo.)

Mwalimu ndiye aliyetoboa siri, na hakugusa bunduki hata kidogo; alitaka tu chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, iwe tupu. “Toa magazini, chemba tupu, nionyeshe. Kidole nje ya triga. Sasa lenga, fumba macho, vuta pumzi, itoe, legea kabisa. Fumbua.” Nilipofumbua, pete ya mbele ilikuwa imekaa kwenye ukingo wa shabaha ya jirani yangu wa kushoto.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Mwili wangu ulikuwa umeelekea kushoto tangu mwanzo, na mikono ndiyo iliyokuwa ikiisukuma bunduki kulia hadi katikati. Risasi ya kwanza misuli ina nguvu, inashikilia. Kadiri inavyochoka, inaachia kidogo kidogo, na kila mlio ukipiga bunduki inarudi kule mwili unakotaka. Macho yanaona picha nzuri ya kulenga kila mara, ndiyo maana tatizo hili ni gumu kulikamata ukiwa unaangalia tu.

Dawa yake: kiwiko cha kushoto hakihami. Kinakuwa kama ekseli, na mwili mzima unazungushwa juu yake. Kwa anayetumia bega la kulia, nyonga zikienda kushoto, mdomo wa bunduki unaenda kulia. Kidogo sana, upana wa vidole viwili unatosha kuhama shabaha nzima. Halafu fumba macho tena, legea, fumbua, rudia mpaka pete iwe imekaa yenyewe bila kubembelezwa. Nikishapakia sigusi tena nyonga. Nikihisi nimehama, natoa risasi kwanza.

Mkanda wa bunduki nao umepanda cheo machoni pangu. Ukikazwa vizuri, mfupa na mkanda ndivyo vinavyobeba bunduki, na mkono wa kushoto unaweza kulala. Miguu ya kuegemezea bunduki sitaki kuisikia kwa mtu anayeanza: inaficha hasa hili nililokuwa nikilitafuta. Darubini ni vilevile. Inakuza mtetemo wako, unaanza kuukimbiza kwa triga.

Kingine ninachokitetea kwa nguvu ni kile kijiti cha plastiki chenye rangi kali kinachochomekwa kwenye chemba. Mtu aliye mbali anaona kwamba bolti iko wazi na chemba ni tupu. Risasi ya .22 inadharauliwa kwa udogo wake, lakini inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na kitakachopigwa nyuma ya shabaha ni jukumu lako vilevile.

Nyumbani naendelea na mazoezi ya kufyatua bila risasi. Risasi zinabaki zimefungiwa chumba kingine, chemba naikagua kwa jicho na kwa ncha ya kidole, na mdomo unaelekea ukuta mnene tu. Kwa .22 naweka risasi bandia ndani, kwa sababu pini hupiga ukingo wa ganda na, kwenye baadhi ya bunduki, pasipo kitu inaumiza ukingo wa chemba.

Mpango ulikuwa kuingia mkao wa kupiga goti sasa hivi. Nimeuahirisha, kwa kuwa nimepata wazo jingine linalonikosesha usingizi: kabla ya kuchungulia karatasi, nachora kwenye daftari mahali ninapoamini risasi imeingia, kwa jinsi pete ilivyokuwa mlio ulipotoka. Baadaye nalinganisha na tundu lenyewe. Seti ya leo michoro mingi imekaribiana na matundu, isipokuwa yale yaliyoegemea kidogo juu kulia, ambayo sikuyaona yakitoka kabisa. Nadhani napepesa jicho. Karatasi zijazo zote ni za hilo.