Mwanasesere wa kimo cha mtu

Nataka mwanasesere wa mti anayecheza ngoma, ila awe na kimo cha mtu mzima, asimame karakanani kwangu Kibokoni, Mombasa.

Wadogo wapo tangu zamani. Huchezwa milima ya Appalachia huko Marekani, pia Uingereza, Ireland na Quebec. Viungo vyao vimelegezwa, na mgongoni wana kijiti. Mchezaji hukalia ncha ya ubao mwembamba, humshika mwanasesere kwa kijiti nyayo ziguse ubao, kisha huupiga ubao kwa mkono. Ubao ukiruka, miguu inacheza. Nilichonga mmoja wa mwembe, sentimita 28, na watoto wa mtaa hawakubanduka mlangoni.

Huyu mkubwa ni sentimita 168, yaani mara 6. Lakini ukikuza urefu, upana na unene kwa mara 6, uzito unakua mara 216! Mdogo wa gramu 200 anageuka bwana wa kilo 43, na ubao wa kumrusha huyo sina. Basi kichwa na kiwiliwili nimechonga kwa msufi, mti mwepesi mno, na kifua nimekikomba ndani kwa patasi. Nyayo tu ndizo za mvule, maana nataka mlio. Uzito mwingine utabebwa na kamba ya kwenye boriti. Magotini nimepekecha tundu kubwa kuliko pini, ulegevu ambao kwenye mlango nisingeukubali hata kidogo.

Kinachonifurahisha zaidi ni mwendo wake. Mguu unaoning'inia hubembea kwa kasi inayotokana na urefu wake: ukirefushwa mara 6, kwenda na kurudi huchukua muda wa karibu mara 2 na nusu. Chakacha, ngoma ya kasi, hataiweza, upige ubao utakavyo. Jirani yangu mpiga zumari aliitazama ile miguu kimya, halafu akasema, "Huyu mpigie goma, fundi." Wallahi nilisisimka. Goma lina hatua za taratibu, wanaume na bakora zao, hakuna anayekimbizwa. Kanzu ingemficha miguu, kwa hiyo nitamvika kikoi kilichopandishwa, magoti yaonekane yakifanya kazi.

Bado mkono wa kushoto. Mwenye kipande cha msufi kilichokauka vizuri, awe Kisauni au Likoni, aniambie nije nacho kipimo.