Mgongo wa Kanisa la Ranchos

Kwa miaka miwili nililijua kanisa lile kwa mgongo wake tu. Nilikuwa nasoma uuguzi Fort Worth, Texas, na siku nikichoshwa na vitabu nilikwenda makumbusho ya Amon Carter, kwa kuwa hakuna kiingilio. Huko ndiko nilikoukuta mchoro wa Georgia O'Keeffe wa mwaka 1930–31. Ni mchoro wa rangi za mafuta, upana wake haufiki hata mita moja, na karibu wote umejazwa na ukuta wa udongo. Hauna mlango wala dirisha. Viegemezo vinene, yaani nguzo za udongo za kuushikilia ukuta usianguke, vimeumuka kutoka ukutani kama unga uliokandwa ukaachwa karibu na moto, na ardhi ina rangi ileile ya ukuta, hata huoni pa kusema nyumba inaanzia hapa.

Siku ya kwanza nilisimama pale muda mrefu. Sikujua kwamba ni kanisa. Nilidhani ni tembe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na tembe kijijini kwetu, Dodoma. Ilikuwa tembe ya Kigogo hasa, kimo kifupi, kuta za miti zilizokandikwa udongo, na paa bapa la udongo juu ya magogo. Kila mwaka kabla ya mvua za Desemba, bibi na wake wa wajomba zangu waliisiriba upya. Sisi watoto tulichota maji na kukanyaga udongo mpaka bibi aubonyeze kwa kidole gumba na kusema umeiva. Alipofariki, wajomba walikuwa wameshajenga nyumba ya tofali za kuchoma na bati. Tembe haikusiribwa tena. Misimu miwili ya mvua ikaimaliza, na hatuna picha yake hata moja.

Ndiyo maana nilirudi kuutazama mchoro ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Maelezo ukutani yalisema ni kanisa la San Francisco de Asís, yaani Mtakatifu Fransisko wa Asizi, lililoko Ranchos de Taos, New Mexico. Nikaanza kusoma. Lilijengwa kati ya mwaka 1772 na 1816, enzi za Wahispania na mapadre Wafransisko, kwa tofali mbichi za udongo na majani makavu. Wapueblo, wenyeji wa asili wa eneo lile, walikuwa wakijenga kwa udongo karne nyingi kabla ya hapo. Wahispania walileta kalibu ya mbao ya kufyatulia tofali. O'Keeffe alifika Taos mwaka 1929, akalichora kanisa mara kadhaa, karibu kila mara kwa nyuma. Mara moja alichora kipande tu cha ukuta huo wa nyuma na anga, akaona kwamba kwa kipande hicho amemaliza kusema yote aliyotaka kusema kuhusu kanisa. Ansel Adams naye alilipiga picha miaka ileile, akaitia katika kitabu chake cha mwaka 1930 kilichotolewa nakala 108 tu. Kisha akaja Paul Strand na kamera yake. Wote watatu waliuendea mgongo. Na katika picha hizo hakuna mtu.

Juni 2017 nilipata wiki moja ya mapumziko, nikaenda. Ni safari ya kutwa nzima kwa gari, na mwisho wake unapanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi na jua kali la mlimani. Anayefika kwa barabara kuu hulikuta kanisa limempa mgongo. Nilikuwa nimejiandaa kukaa kimya mbele ya ukuta ule kama nilivyozoea makumbusho. Nikakuta jukwaa la mbao, matoroli, ndoo, watoto wanapiga kelele, na wanaume wawili wanachekecha udongo.

Sikuwa nimejua kwamba Juni ndiyo mwezi wao wa kusiriba. Kazi hiyo wao huiita *enjarre*, na huchukua kama wiki mbili. Zamani kusiriba ilikuwa kazi ya wanawake katika nchi yote ile, na hata siku hiyo wanawake wazee ndio waliokuwa wakikagua udongo. Mmoja wao aliniona nimesimama nikitazama, akaniuliza kama nimekuja kupiga picha. Nikamwambia bibi yangu alikuwa akisiriba. Hakuniuliza wapi. Alinionyesha ndoo.

Aliniweka chini kabisa, kwenye mguu wa kiegemezo kimoja, mahali ambapo matone ya mvua hurukia na kula udongo kuliko kwingine. Unalowanisha ukuta kwanza, kwa sababu ukuta mkavu hunyonya maji ya udongo mpya, nao unabanduka. Kisha unachukua donge la kujaa kiganja, unalibamiza kwa nguvu ili lishike, unalisambaza kwa kisigino cha mkono kwenda juu. Nilibamiza la kwanza likashika. La pili nikalisambaza bila kufikiri, na mkono wangu ukafanya ule mzunguko mdogo wa mwisho wa kufunga ukingo, ambao sikumbuki kufundishwa. Nilikuwa na miaka 11 mara ya mwisho kuufanya. Ilinibidi niiname zaidi, nijifiche uso.

Yule mama alikuja akapitisha kiganja juu ya kazi yangu, akaguna, akaendelea na yake. Tulifanya kazi pamoja mpaka mchana. Kati ya ndoo na ndoo alinisimulia habari ya saruji. Mwaka 1967 kanisa lilipigwa lipu ngumu ya saruji, kwa matumaini kwamba kazi ya kila mwaka imekwisha. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea, na tofali mbichi zikaanza kulainika ndani kwa ndani. Mwaka 1979 saruji ikabanduliwa na udongo ukarudishwa. Alinionyesha kwa mikono ukubwa wa mapande yaliyokuwa yakidondoka. Nikawaza wajomba zangu na bati lao. Siwalaumu, kusiriba ni kazi nzito, na mabega yangu siku ile yalishuhudia.

Baada ya chakula jua liligeukia upande wa nyuma, na kivuli cha kila kiegemezo kikaanza kulala juu ya ukuta. Mchoraji mmoja alifika na turubai yake, kile kitambaa cha kuchorea, akaketi upande wa barabara, akachora karibu saa mbili nzima sisi tukiwa kazini. Nilipokwenda kunawa nilipita nyuma yake nikatazama. Kivuli alikuwa amekipata sawasawa, hata ile rangi ya zambarau iliyo kwenye kona. Ila jukwaa halikuwapo, wala ndoo, wala sisi.

Iliniuma, sitaki kuficha. Yule mama naye alitazama, akamwambia kivuli ni chenyewe, akaondoka. Nadhani ameona maturubai mengi maishani mwake. Mimi nilibaki nikiutafuta mguu wa kiegemezo changu pale kwenye turubai, na kweli ulikuwapo, mviringo, rangi ya udongo mbichi, mweusi kidogo kuliko ukuta uliokauka. Alikuwa ameichora kazi yangu kabla haijakauka.

Tangu siku ile picha ninayoipenda kuliko zote ni ya Strand. Mchoro wa O'Keeffe una ukimya ambao bado unanivuta, lakini ukuta wake ni laini mno, kama uliomea wenyewe kutoka ardhini. Kwa Strand jua linakwaruza ukuta, na unaona majani makavu yametokeza kwenye udongo, unaona mawimbi madogo ya viganja. Hakupiga picha ya mtu. Lakini anayejua kusiriba anaweza kuonyesha mkono ulipoanzia na ulipoishia.

Saa tatu usiku nilimpigia mama simu ya video. Dodoma ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, naye yuko jikoni anawasha moto. Nikamwonyesha picha nilizopiga. Alidhani niko Singida. Nilipomweleza ni kanisa, na liko Marekani, hakushangaa kama nilivyotarajia. Aliniambia nisogeze picha karibu, akatazama mguu wa kiegemezo, akauliza kama wametia mavi ya ng'ombe, maana hakuyaona.

"Hapana, mama. Wanatia majani makavu ya ngano."

Akanyamaza kidogo.

"Wanayakata urefu gani?"

Nikanyoosha kidole mbele ya kamera, nikampimia kuanzia ncha mpaka kiungo cha pili.

"Basi sawa," akasema. "Na paa nani anapanda?"