Siku moja maishani mwangu: kuiambia seva faili litasomwaje

Saa 1 asubuhi simu inaita kabla sijakaa. Ni mteja. "Hifadhidata imekuwa nzito tena. Seva ina memori ya gigabaiti 64, mnataka tununue kubwa kuliko hiyo?" Namwomba anipe siku ya leo tu. Wengi hudhani watu wa seva kazi yetu ni kudai mashine kubwa zaidi. Kazi ninayoipenda mimi haionekani kabisa: kuieleza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, mapema, faili fulani litasomwaje. Mwito wenyewe, yaani ombi ambalo programu hulipeleka kwa kerneli, unaitwa posix_fadvise.

Saa 2, grafu za usiku zinanionyesha mkosaji: programu ya bekapu, niliyoiandika mwenyewe. Inanakili mafaili ya picha kutoka diski moja kwenda nyingine, na ukubwa wake wote unaipita memori mara kadhaa. Kila kinachosomwa na kuandikwa, kerneli inakitunza kwenye kache, sehemu ya memori, ikitarajia kitaombwa tena. Hakiombwi. Kurasa za hifadhidata, yaani vipande vyake vidogo vilivyo kwenye memori, ndizo zinazosukumwa nje kupisha, na kukicha kila swali linaanzia diskini.

Saa 3 hadi saa 5 naandika. Faili la kusoma nalitangazia POSIX_FADV_SEQUENTIAL, yaani litasomwa kwa mfululizo, na Linux inasoma mbele mara mbili ya kawaida. (Kwa faili linalosomwa huku na huko ningetumia RANDOM, usomaji wa mbele uzimwe, kwani ungeleta kurasa zisizotakiwa na mtu.) Kila megabaiti 8 zikishanakiliwa, natoa DONTNEED kwa mafaili yote mawili: hizi nimemaliza nazo, ziachie.

Saa 6 najaribu, napima kwa fincore, zana inayoonyesha kurasa ngapi za faili ziko kwenye kache. Faili la chanzo limetoka karibu lote kwenye kache. Nakala imejaa vilevile.

Hapa ndipo mchana wangu ulipoishia. Kwanza niligundua nimekuwa nikikagua errno, mahali ambapo miito mingi huacha namba ya kosa, kumbe mwito huu hurudisha namba ya kosa wenyewe. Nikarekebisha, ikarudi 0, na nakala bado imejaa. 0 hiyo maana yake ushauri umepokelewa, si kwamba umetekelezwa. Nikashuku mipaka, kwa sababu ukurasa ulioguswa nusu hauachiwi. Lakini megabaiti 8 zinagawanyika kwa kurasa za baiti 4096 bila baki. Nikahesabu tena kwa mkono. Mteja akapiga tena, nikamwambia bado, kaka. Macho yanauma, chakula sijagusa. Niliporudi kwenye maelezo ya mwito, nikisoma neno kwa neno, nikaiona: kurasa chafu, zile ambazo hazijafika diskini, haziachiwi. Na ni haki kabisa, kwani kuzitupa kungekuwa kupoteza data ya mtu.

Nikaweka fdatasync, mwito unaosubiri data ifike diskini, kabla ya DONTNEED. Kache ikawa safi, ila bekapu ikaanza kujikokota, ikisimama kusubiri diski kila megabaiti 8. Sikukubali kumtibu mmoja kwa kumuumiza mwingine. Nikaandika upya kwa sync_file_range: kipande cha sasa kinaanza kupelekwa diskini, nasubiri kile cha nyuma yake kikamilike, kisha hicho cha nyuma ndicho nakiachia. Mwendo ukarudi. Mistari michache tu, na jua lilikuwa limeshazama.

Kabla bekapu haijaanza usiku, napima faili kubwa la hifadhidata na kuandika hesabu ya kurasa zake zilizo kwenye kache. Nasubiri, ingawa ningeweza kulala. Bekapu inapomaliza napima tena. Hesabu haijapungua hata ukurasa mmoja. Namwandikia mteja ujumbe mfupi ataukuta asubuhi: msinunue memori.