Gonga muhuri hapa, ningali hai

Jumanne nilipita posta kufungua sanduku, nikaikuta bahasha. Ya kahawia, ina kidirisha cha nailoni, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa kama la mshtakiwa. Sikuhitaji kuifungua ili nijue. Kila baada ya muda hawa wanaonilipa pensheni kutoka Uingereza huniuliza swali lile lile: uko hai?

Kujaza fomu mwenyewe hakutoshi. Anatakiwa mtu wa kuaminika, daktari au wakili au ofisa wa benki, athibitishe kwamba aliye mbele yake ndiye mimi na bado napumua, kisha atie sahihi na muhuri. Fomu isiporudi, pesa zinasimama. Katika kazi yangu nimesimama kando ya vitanda vingi daktari akithibitisha kinyume chake, na haikuchukua muda. Kuthibitisha kwamba mtu hajafa, kumbe hiyo ndiyo kazi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina miaka 72, mzaliwa wa Tanga, muuguzi mstaafu. Nilikaa Leicester miaka 31, mingi nikiwa kwenye wadi za wazee. Mwaka 1996 nilichukua pasi ya Uingereza, na kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, ile ya kwetu ikawa imekwisha kazi. Tangu 2017 nakaa Malindi, pwani ya Kenya. Kwa karatasi, mimi ni mgeni mstaafu kama walivyo Wataliano walionizunguka. Kwa ulimi, hapo ndipo watu wanapokuna kichwa.

Kwa nini Malindi na si Tanga? Nyumba ya wazazi wangu iliuzwa kitambo, na wakati ule asiye raia hakuruhusiwa kumiliki ardhi Tanzania ila kwa njia ya uwekezaji, nami sina cha kuwekeza zaidi ya viungo vinavyouma. Shoga yangu niliyefanya naye kazi wadini, Mmalindi, alitangulia kurudi, akaniambia njoo ukae nyumba ya nyuma. Nikaja kwa miezi mitatu. Yeye ametangulia tena, safari hii kusikorudika, Mungu amrehemu, na kodi sasa nawalipa wanawe.

Wiki ya kwanza kijana wa tuktuk alinisimamia akasema, "Panda, nyanya, twende." Nikatazama kikapu changu. Nilikuwa nimenunua vitunguu na ndimu tu. Kwetu bibi ni bibi, nyanya ni ya kachumbari. Umeme wao ni stima, na wanaponunua tokeni mimi bado naita LUKU, wakanitazama kama nimetaja jina la paka. Bajaji ni tuktuk, daladala ni matatu. Lakini mahamri na mbaazi za nazi asubuhi hayahitaji mkalimani.

Sokoni kwa samaki ndiko walikonivua nguo mapema. Nilitaja bei ya kolekole, maneno matatu tu, muuzaji akaweka kisu chini.

"Wewe si wa hapa."

"Wa Tanga."

"Ahaa! Waja leo waondoka leo." Akacheka kwa msemo huo wa Tanga, kisha tangu siku hiyo kila mwaka ananiuliza, "Mbona wewe waja huondoki?"

Mpaka leo sijapata jibu la kumpa, lakini ananikatia kichwa vizuri, kile chenye nyama shavuni, na huniwekea kando bila kuulizwa.

Cha kuchekesha ni kwamba ufukweni mambo hugeuka. Nikivaa kofia yangu ya majani na viatu vya kutembelea, vijana wa bichi hawaoni Mtanga. Wananijia kwa Kitaliano: "Ciao, mama! Safari blu?" Hapa Malindi mtoto wa Kigiriama aliyeacha shule mapema anaweza kukuuzia kinyago kwa Kitaliano kisicho na kigugumizi. Nikimjibu, "Mwanangu, hujaamkia," anaruka hatua mbili nyuma kama aliyemwagiwa maji.

Kisa cha Gede nimewahi kukisimulia kwa mdomo, sijakiandika. Gede ni magofu ya mji wa Waswahili wa kale, msituni, njia ya kwenda Watamu: msikiti, jumba la mfalme, visima, na kima wanaokukodolea macho juu ya kuta. Pale getini kuna bei ya raia, bei ya mgeni mkaazi, na bei ya mgeni wa kupita. Nilimwamkua binti wa dirishani, tukaulizana hali kama desturi, akaanza kuandika tiketi ya raia. Ningeweza kunyamaza. Lakini mama yangu alinilea vibaya, sijui kunyamaza, nikatoa kitambulisho changu cha mgeni.

Akakigeuza mbele na nyuma. "Basi raia wa Afrika Mashariki?"

"Nilikuwa."

"Kwani mtu huacha?"

"Huacha, mwanangu. Kuna fomu."

Nililipa ya mkaazi. Ndani nilikaa muda mrefu kando ya kisima kimoja, sikuwa na la kufanya ila kutazama popo.

Watu wa Leicester huniuliza kwa simu kama ni rahisi kuhamia. Ni rahisi ukiwa na kipato. Kibali changu cha kukaa Kenya ni cha daraja K: uwe umetimiza miaka 35, uwe na kipato cha uhakika kutoka nje kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na usifanye kazi ya ujira. Nyumba unaweza kununua, lakini ardhi tangu Katiba ya 2010 mgeni hupewa kwa kukodishwa tu, isizidi miaka 99. Kwa umri wangu 99 inatosha. Hizo dola ndizo zinazonitoa jasho, kwa sababu mimi nalipwa kwa pauni. Muda wa kuomba upya ukikaribia, naifuatilia pauni kama mvuvi anavyoufuatilia mwezi.

Na pauni zenyewe zimeganda. Hili wengi hawalijui mpaka wameshafunga mizigo. Uingereza huongeza pensheni yake ya serikali kila Aprili kwa wanaokaa kwao, na kwa waliohamia nchi kadhaa kama Marekani, Ufilipino na za Umoja wa Ulaya. Kenya haimo. Tanzania nayo haimo, kwa hiyo hata Tanga isingeniokoa. Ukihamia huku unabaki na kiwango kile kile ulichoanza nacho. Mwaka 2017 kiwango kamili kilikuwa pauni 159.55 kwa wiki. Aprili 2025 kikawa 230.25. Mimi hata hicho kamili sikukifikia, maana kinataka miaka 35 ya michango. Wenzangu niliofanya nao zamu za usiku, waliobaki kule kwenye baridi, wanapandishiwa; mimi niliyelipa michango ile ile nimesimama 2017 kama saa ya ukutani iliyoisha betri. Bahati pensheni ya uuguzi, ile ya kazini, hupanda hata huku. Bila hiyo ningekuwa nauza viazi karai mimi.

Basi, jirani yangu. Ni Mtaliano wa miaka 80 na kitu, anakaa nyumba ya makuti iliyo mbele yangu, na usiku komba wanapopiga kelele darini mwake hutoka na tochi kuwatukana kwa lugha ya kwao. Alikuja mwaka 1985 kama fundi wa mitambo kule Ngomeni, kwenye kituo cha San Marco, Wataliano walikokuwa wakirusha satelaiti kutoka majukwaa yaliyosimama baharini. Iliyo maarufu kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Hiyo hakuiona. Aliyoiona ni roketi ya mwisho, Machi 1988, na akiisimulia hunyanyua mkono wenye kikombe, kahawa ikamwagika kila mara pale pale kwenye kitambaa cha meza.

Miaka arobaini, na Kiswahili chake hakijawahi kukutana na ngeli. "Maji nakwisha." "Samaki ile kubwa nakufa lini?" Lakini sokoni hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Rangi yake imeshamjibia, na wakishajua yeye ni Mtaliano wanamwacha awe Mmalindi. Mimi ninayesema kila silabi sawasawa ndiye ninayehojiwa. Wakati mwingine hili huniudhi kuliko pauni.

Yeye naye ana fomu yake ya uhai. Mwaka juzi ilipotea njiani, au aliifunikia mkate, hakumbuki. Pensheni ikakatwa. Miezi miwili mitatu alikuwa marehemu kwa mujibu wa vitabu, huku kila asubuhi nikimwona kwenye kiti chake akimenya embe. Mwenye duka la kona alimkopesha mkate, maziwa na sigara kwa daftari, na tangu hapo hamuiti kwa jina lingine ila Marehemu. Deni lilipolipwa jina lilibaki.

Mwezi huu wa Mei ndio mwezi ninaoupenda, ingawa hakuna picha nzuri ya kuwatumia. Mvua za masika zimeujaza Sabaki, mto umeshusha udongo wote wa bara, na bahari mbele ya mji imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kusi imeanza kupiga. Hoteli nyingi zimefunga, Wataliano wa msimu hawaji mpaka Julai au Agosti, na barabara ya Casuarina unaweza kutembea katikati bila kupigiwa honi. Tunabaki sisi ambao hatuna pengine.

Ndipo barazani kwangu pajaa. Nina mashine ya presha niliyokuja nayo, na jioni baada ya alasiri wanakuja: mama wa mahamri, mlinzi wa nyumba ya tatu, dereva wa tuktuk yule wa nyanya, ambaye presha yake hainipendezi hata kidogo na nimemwambia hospitali si ya wanawake peke yao. Wanakaa kimya dakika tano kabla sijawapima, hiyo ndiyo sharti, na kwa watu wa hapa dakika tano bila kusema ni adhabu. Dawa sitoi, siandiki, nawapa namba zao kwenye kikaratasi waende nazo kwa daktari. Kibali changu kinakataza ujira. Kuhusu mikungu ya ndizi wanayoniletea hakikusema kitu.

Jana basi tulikwenda kwa wakili, mimi na jirani, kila mtu na bahasha yake. Ofisi iko ghorofani, barabara ya Lamu. Ngazi ni 22, nimezihesabu kwa sababu jirani alisimama mara tatu, na kila mara akasingizia anatazama mandhari, na mandhari yenyewe ni ukuta.

Wakili ni kijana, umri wa mwanangu wa mwisho. Alisoma fomu yangu mara mbili. "Mama, wewe Mwingereza?"

"Karatasi ndiyo isemayo hivyo."

"Na Kiswahili hiki?"

"Hicho hakikuulizwa kwenye fomu."

Akalinganisha uso wangu na pasi. Kisha akamwomba jirani avue kofia. Jirani akavua, akainua kidevu kama anapigwa picha ya harusi, akauliza, "Mimi hai, ndiyo?" Wakili akasema ndiyo, mzee, uko hai. Akachukua muhuri, akaugonga kwenye kidau cha wino, akagonga kwenye karatasi. Haukutoka kitu, ila duara la kijivu kama alama ya glasi mezani. Wino umekauka. Karani ametoka kuswali, wino mwingine uko kabatini, kabati limefungwa. Tukakaa tunatazamana, watu wawili waliothibitishwa nusu.

Kijana akauinua muhuri mdomoni, akaupulizia pumzi, haaa, ndefu, kama mtu anayesafisha miwani. Akagonga. Ukatoka, hafifu lakini unasomeka. Akapuliza tena kwa ajili ya jirani.

Tuktuk ya kurudi ilitaka shilingi 100 kwangu na 300 kwa jirani, kiti kimoja, safari moja. Jirani akaingia bila kubishana, akanishika mkono kwa sababu ya mashimo ya barabara, akasema, "Sasa sisi hai mpaka fomu ingine nakuja." Pale kona akaomba tusimame anunue mkate. Mwenye duka alituona tangu mbali.

"Marehemu, karibu! Umebaki mmoja, nimekuwekea."