Vishikwambi vya shule za Tabora vinahitaji seva kuliko bando

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu. Kikikaa mkononi mwa mwalimu peke yake, kishikwambi hakizidi daftari la maandalio ya somo. Kinakuwa kifaa cha darasa pale shule inapokuwa na maktaba yake ya kidijitali humohumo ndani, isiyodai intaneti: yaani seva, kompyuta inayohifadhi masomo na kuvigawia vishikwambi kwa Wi-Fi.

Piga hesabu ya bando kwanza. Video ya dakika 10, ubora wa kati, ni kama MB 75. Makundi kumi yakiifungua kila moja kwa wakati wake, MB 750 zimekwenda kwa mada moja ya somo moja. Nani atalipa? Video hiyohiyo ikiwa kwenye seva ya shule, inashushwa mara moja tu, mjini penye mtandao mzuri, halafu inatazamwa mwaka mzima bure.

Seva yenyewe si kabati la mashine. Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, hapa chini naiita Pi) yenye RAM ya GB 4, diski ya SSD ya GB 256 na ruta ya kawaida ya Wi-Fi vinatosha. Programu ninayoipendekeza ya kuhifadhi na kuonyesha masomo ni Kolibri: ni ya bure, ina menyu za Kiswahili, na ilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Sakinisha Kolibri kwenye kompyuta iliyoko mjini, chagua mada unazozihitaji tu, zihamishie kwenye diski ya nje, kisha uende nayo shuleni ukazipakie kwenye seva. Usivute chaneli nzima, yaani mkusanyo mzima wa masomo. Chaneli kubwa za video zinakula makumi ya GB, na nusu ya vilivyomo hakuna atakayevigusa.

Usitegemee Wi-Fi iliyomo ndani ya Pi, maana vifaa vikizidi kumi hivi inaanza kuyumba. Ndiyo maana ruta ipo. Unganisha Pi na ruta kwa waya, na ndani ya ruta uipe Pi anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Wanafunzi wataandika http://192.168.1.10:8080 kwenye kivinjari. Hiyo http iandikwe yote, kwa sababu baadhi ya vivinjari hujiongezea https na ukurasa ukagoma kufunguka. Tatizo la pili linawachanganya walimu zaidi: kishikwambi kikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, kinajihamishia kimyakimya kwenye data ya laini. Zima data, na ujumbe ukitokea kuuliza kama ubaki kwenye mtandao huo, kubali.

Sasa umeme, maana hapa ndipo miradi mingi inapofia. Pi na ruta kwa pamoja ni kama wati 12. Kwa saa 9 za siku ya shule ni wati-saa 108. Betri ya sola ya volti 12, ampea-saa (Ah) 40, ina wati-saa 480. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu ya chaji, kwa hiyo hesabu 240, yaani siku mbili za mawingu unazimudu. Paneli ya wati 80 ikipata saa tano za jua kamili, ukitoa upotevu, inarudisha wati-saa 280 hivi kwa siku. Betri ya gari iacheni kwenye gari: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe papo hapo, na ukiinyonya polepole kila siku sahani zake zinaharibika mapema.

Usipitishe umeme kwenye inveta ili uutoe volti 12 uende 230 halafu chaja iurudishe 5. Unapoteza mara mbili. Weka kipunguza volti cha kutoka 12 kwenda 5 chenye uwezo wa ampea 3, waya wa USB uwe mfupi na mnene, na fyuzi ikae karibu na betri. Waya mwembamba ndio chanzo cha seva inayojizima na kujiwasha bila sababu; Pi huanza kulalamika volti ikishuka chini ya 4.63. Ili kukagua, andika kwenye Pi amri vcgencmd get_throttled: jibu la 0x0 maana yake salama, na 0x50000 maana yake volti iliwahi kushuka tangu ilipowashwa.

Kuchaji vishikwambi ni hesabu nyingine kabisa. Kimoja kinahitaji kama wati-saa 20, na kwa upotevu wa chaja kumi vinafika 250, zaidi ya mara mbili ya seva. Penye umeme wa TANESCO vichajiwe huko usiku. Pasipo nao, vitafutiwe paneli na betri yake, visichangie na seva.

Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo si kwa ajili ya jua tu, unasaidia mvua kusafisha vumbi. Kuanzia Juni mvua hiyo haipo, basi paneli ifutwe kwa kitambaa chenye maji kila wiki, asubuhi kabla haijapata moto. Kasha la Pi liwe la chuma lisilo na feni, kwa sababu feni huvuta vumbi la kiangazi ndani. Na lisikae rafu ya juu chini ya bati: joto la Pi likifika nyuzi 80 inajipunguzia kasi, na Oktoba haihitaji msaada wowote kufika huko.

Pi 4 haina saa yenye betri. Bila intaneti tarehe inakosewa, na matokeo ya majaribio ya wanafunzi yanaingia siku za ajabu. Moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri yake inayochomekwa kwenye Pi, inatatua hilo. Ongeza pia kitufe cha kuzimia, maana kuchomoa waya huharibu faili. Maelekezo mengi hukiweka kitufe kwenye GPIO 3 (GPIO ni pini za Pi za kuunganishia vifaa), lakini pini hiyo ndiyo inayotumiwa na moduli ya saa. Kipeleke GPIO 21, na kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, andika:

dtoverlay=gpio-shutdown,gpio_pin=21

Darasani, faida kubwa kuliko video ni majaribio mafupi. Mwalimu anaona swali gani limewaangusha wengi, na kesho anaanzia hapo badala ya kurudia mada nzima. Kwa wanafunzi 50 na vishikwambi 10, tumia vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80: nusu wanakaa wawili au watatu kwa kishikwambi, nusu wanafanya mazoezi kwenye daftari, kisha wanabadilishana. Kwenye mipangilio ya Kolibri ruhusu wanafunzi waingie bila nywila, la sivyo robo saa inaishia kwenye "mwalimu, nimesahau".

Maudhui ya nje hayafuati mpangilio wa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024. Lazima mwalimu ayapange upya kwa mada zake. Kwa Kidato cha Kwanza, waliotoka kusoma kwa Kiswahili, wape video ya hisabati ya Kiswahili kwanza, ndipo maswali ya Kiingereza. Mkirekodi video zenu wenyewe, zipunguzeni hadi 480p: dakika 5 za 1080p kutoka kwenye simu zinaweza kupita MB 600, zikipunguzwa zinabaki kama 40.

Uhamisho wa mwalimu mmoja usiue seva. Nywila ya msimamizi iandikwe na kufungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, pamoja na nakala ya diski nzima. Nakala hiyo ifanywe upya kila likizo ya Juni na Desemba, wakati mada mpya zinapopakiwa.