Kuku wa didactic

Hio ilikuwa 2009, nimemaliza fom foo juzi tu na tayari najiita mwandishi. Nikapeleka hadithi kwa ofisi ya jarida moja hapo tao, ya kijana anaanza kuvuta bangi, anafukuzwa shule, anaokoka, alafu paragrafu mbili nzima za mwisho ni yeye tu anaonya vijana wenzake. Karatasi zikarudi na maneno matatu pembeni kwa kalamu nyekundu: "a bit didactic".

Nikafungua kadikshenari kangu ka shule, kanasema ni kitu chenye nia ya kufundisha, basi. Wueh! Nilishuka hizo ngazi nikicheka peke yangu, nikapanda mat ya Umoja, na jioni nikamwambia baba, mwalimu mstaafu, akanishika bega akasema damu haipotei. Mama akachinja kuku. Kuku mzima, kwa ajili ya kivumishi kimoja.

Wiki mbili baadaye nikarudi na hadithi ya pili, hii nimeijaza mafunzo mpaka kuna mbuzi ndani anatoa ushauri wa ndoa. Mhariri, mama mtu mzima, alisoma ukurasa wa kwanza akavua miwani.

"Mwanangu, kwani hukuona nilichokuandikia?"

Nikamwambia nimeona mama, na asante sana. Alicheka mpaka akatoa leso.

Ndio akanieleza, ati neno lilitoka kwa Wagiriki likimaanisha mambo ya kufundisha tu, halina ubaya, na hata Kiingereza bado kinalitumia hivo: utendi wa Mwana Kupona wa 1858 wasomi wanauita didactic na si tusi, ule ni mama mgonjwa anamuusia bintiye, kazi yenyewe ni kuusia. Lakini ukimwambia mtu aliyekuletea hadithi, unamaanisha amepanda mimbari na hakuna aliyemwita.

"Na ukiona hiyo 'a bit' mbele, ujue hujasifiwa. Wewe ushaskia msichana akisifiwa ni mrembo kidogo?"

Nikarudi nyumbani na aibu ya yule kuku. Baba nae ashaambia ploti nzima kijana wake amepewa hilo neno, analitamka "didakitiki", sasa ningeanzia wapi? Nikanyamaza. Mpaka leo wageni wakija analitoa, alafu anawahubiria nusu saa kuhusu bidii masomoni, na chai inapoa.